Ufuo Niliowachagulia Wanangu

Kuna swali ambalo sijaweza kulijibu hadi leo. Niliandika maswali thelathini na sita kuhusu kila ufuo wa kusini mwa Ulaya kabla ya kuwapeleka wanangu likizo. Kwa nini halikuwamo hata moja nililowauliza wao? Niliuliza kuhusu mteremko wa mchanga na nguvu ya mkondo. Niliuliza umbali kutoka majini hadi zahanati iliyo karibu, na kama waokoaji huwa kwenye zamu hata siku za katikati ya wiki. Nimesoma hadi chuo kikuu, wakati ule nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kazi iliyonilisha ilikuwa kuuliza maswali. Hilo moja lilinipita.

Kazi yangu Doha ni ya mkaguzi wa usalama katika maeneo ya ujenzi. Hupanda majukwaa ya minara ambayo bado haina kuta, nikiwa na kofia ngumu na ubao wa kuandikia, nikitazama kamba, ngazi na kreni. Kila hatari huipa alama mbili: moja ya uwezekano wa kutokea, nyingine ya uzito wa madhara yake. Nikizizidisha alama hizo, najua kama watu wataendelea na kazi au watashuka. Nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba siwezi tena kuketi mkahawani bila kwanza kutafuta mlango wa dharura.

Nilifika Doha miezi michache baada ya mume wangu kufariki. Binti yangu Nekesa alikuwa na miaka sita, na Wafula, mdogo wake, alikuwa na miwili. Niliwaacha Kitale kwa ndugu yangu mdogo, Nasimiyu. Kwetu, dada ya mama ni mama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa watoto walipoliacha neno “mdogo” njiani, wakawa wanamwita Mama tu. Mimi, ili tusichanganywe, nikawa Mama Doha. Niliporudi likizo mara ya kwanza nililicheka jina hilo pamoja na wengine. Mara ya tano sikucheka.

Mwaka ninaousimulia, Nekesa akiwa na miaka kumi na mitano na Wafula kumi na mmoja, hatimaye nilipata idhini ya kuwahamishia kwangu. Kwa mwanamke asiye na mume halikuwa jambo jepesi; nilikuwa nimesubiri miaka miwili. Nilihama chumba nilichokuwa nikikaa na wauguzi wawili, nikapanga nyumba ndogo Abu Hamour. Shule ilinishikia nafasi mbili. Ilibaki karatasi ya mwisho, ambayo ilipaswa kukamilishwa Jumapili ya kwanza baada ya likizo yangu. Watoto sikuwa nimewaambia. Nilitaka kuwaambia mwenyewe, ana kwa ana, mahali pazuri, siku ambayo wangekuwa na furaha ya kutosha kuipokea habari hiyo. Ndiyo sababu ya safari: nilitafuta ufuo ambao juu yake ningeweza kuwaomba wanangu waje kuishi nami.

Miezi yote ya baridi, kila nilipotoka kazini, niliketi mezani na jedwali langu. Visiwa vya Ugiriki nilivifuta kwa sababu ya changarawe zinazoteleza. Upande wa Italia, picha zilionyesha miavuli iliyobanana hata mtoto akipotea asingeonekana. Mashariki mwa Hispania watu walilalamikia viumbe laini vya baharini vinavyochoma ngozi. Hatimaye palibaki ghuba moja ndogo kusini-magharibi mwa Ureno, yenye mchanga mpana, mteremko wa polepole, waokoaji wawili, na kijiji chenye zahanati. Ilipata alama bora kuliko zote. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani aliojitungia mwenyewe.

Ijumaa moja kabla ya safari, baada ya ibada, nilikwenda Al Wakrah kuwanunulia watoto mavazi ya kuogelea kwa kukadiria tu, kisha nikaketi ufuoni hadi jua lilipotua. Aliyenipeleka ni Musa, dereva kutoka Likoni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akituchukua Wakenya wa mtaa wetu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuogea mzazi. Musa alichovya kidole cha mguu, akakiondoa.

“Dada,” akasema, “hebu niambie. Diani imekukosea nini?”

“Haijanikosea.”

“Mchanga kama unga, maji safi, mawimbi yamezuiwa na mwamba. Nawe waenda kwa Wareno. Wareno wenyewe waliikimbia bahari yao, wakaja kupigania yetu mpaka wakajenga ngome. Ingekuwa nzuri wangetoka?”

Nilicheka, nikamwambia kwamba viza zimeshapatikana. Ukweli sikumwambia. Nikitua Kenya, likizo yangu huwa ya ukoo mzima: kuna matanga niliyoyakosa, kuna mahari ya binamu, kuna wageni wanaofika asubuhi na kuondoka jioni. Na Diani, Nasimiyu angekuja; nisingeweza kumwacha. Nilitaka siku kumi mahali ambapo Nekesa akiita “Mama”, awe hana mwingine wa kumgeukia. Naandika jambo hili kwa aibu, lakini ndilo lililonivusha nchi zote hizo.

Siku ya kuondoka, karatasi ya mwajiri ya kuniruhusu kutoka nchini, ambayo wakati ule hakuna aliyeweza kusafiri bila hiyo, ilifika saa tatu kabla ya ndege. Watoto walikuwa wamepanda ndege Nairobi chini ya uangalizi wa wahudumu, nami niliwapokea ndani ya uwanja wa Doha, kwenye ukumbi wa wanaounganisha safari. Nekesa alikuwa amenipita kwa kimo. Alinisalimu kwanza kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo, jinsi tunavyowasalimu wageni wa heshima, ndipo akakumbuka kunikumbatia.

“Shikamoo, Mama Doha,” Wafula akasema, kama alivyofundishwa shuleni.

“Marahaba. Mmekula?”

“Tumekula, asante.”

“Mmechoka?”

“Hatujachoka, asante.”

Nilijivunia adabu zao. Nilimwandikia Nasimiyu ujumbe kumpongeza kwa malezi. Alijibu kwa neno moja: Asante.

Asubuhi iliyofuata tulibadilisha ndege Madrid, na adhuhuri tukawa Lizaboni. Kutoka hapo tulipanda basi la kuelekea kusini, mwendo wa saa nne hivi, tukipita misitu ya miti ambayo magome yake huvuliwa ili kutengeneza vizibo vya chupa. Wafula aliitazama ile miti iliyobaki uchi na myekundu mashinani, akamnong’oneza dada yake kitu, wote wawili wakacheka. Niliwauliza wanacheka nini. “Hakuna kitu, Mama Doha,” Nekesa akajibu, na kicheko kikaisha.

Saa kumi na mbili jioni tulifika kijijini. Mwenye nyumba, Bwana Anselmo, alitungoja kituoni na kigari kidogo cheupe. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia ya kitambaa na Kiingereza cha kuokoteza alichokipata ugenini. Nyumba yake ilikuwa kubwa kupita zote za mtaa ule: vyumba sita, veranda mbili, jiko lenye meza ya watu kumi na wawili. Yeye mwenyewe alikaa katika chumba kimoja cha nyuma, karibu na banda la zana. Alituonyesha vitanda, akatuachia mkate, jibini na bakuli la tini.

Usiku uleule niliwasomea watoto ratiba. Miaka ya Doha ilikuwa imenifundisha sheria moja ya majira ya joto ambayo sihitaji tena kuifikiria. Mchana si wa binadamu. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa kazi ya juani husimamishwa, na mimi ndiye huyo anayepita kuhakikisha kwamba imesimama. Nimewaona wanaume wenye nguvu wakianguka kama magunia. Kule Doha, watu huenda baharini alfajiri au jioni, na mtoto anayecheza nje saa saba mchana, mama yake huulizwa kama ana akili. Basi niliwaambia: tutakwenda ufuoni saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Katikati tutakaa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.

“Sawa, Mama Doha,” walisema pamoja.

Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, ghuba haikuonekana. Ukungu mzito ulikuwa umelala juu ya maji, na mchanga ulikuwa baridi kama sakafu ya saruji. Bahari ile si kama ile ninayoishi kando yake. Niliingia hadi magotini na mifupa ikaniuma. Wafula aliingia hadi kiunoni kwa sababu nilimwambia ni salama, akatoka midomo ikiwa ya kijivu. Nilimfunga taulo. Ufuo mzima tulikuwa sisi watatu na mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Niliandika kwenye daftari langu kwamba palikuwa na utulivu.

Jioni, tuliporudi, ukungu ulikuwa umekwenda na upepo ulikuwa umekuja. Ulitoka kaskazini, ukiburuta mchanga chini kwa chini hata ukatuchoma miguuni. Familia zilizokuwa zimekaa hapo mchana kutwa zilikuwa zikikunja miavuli yao na kuondoka. Tuliwapisha njiani: akina mama wenye vikapu, watoto wekundu mashavuni wenye nywele zilizokauka kwa chumvi. Tulikaa saa mbili kamili nyuma ya jiwe kubwa. Nekesa alimsomea mdogo wake kitabu, akishikilia kurasa kwa vidole vyote.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu, na ya nne. Mtu mwingine angegundua mapema. Mimi niliamini kwamba tulikuwa na bahati mbaya ya hali ya hewa, na nikangoja igeuke. Adhuhuri tulikaa gizani na vibao vya madirisha vimefungwa, tukacheza karata, na kutoka bondeni ilisikika sauti ya watoto wengine wengi, kelele ile ya kucheza majini ambayo haina maneno. Wanangu hawakuiulizia. Baada ya chakula walisimama wakaosha vyombo kabla sijainuka. Asubuhi nilikuta mashuka yao yamekunjwa pembe kwa pembe. Hawakugombana hata mara moja. Nilimwandikia rafiki yangu Doha kwamba nina watoto wa ajabu, hawajawahi kuninung’unikia.

Siku ya tano, saa saba mchana, nilikuwa nimejilaza chumbani kwangu. Watoto walikuwa kwenye veranda ya nyuma, upande wa kivuli, na dirisha langu la juu lilikuwa wazi kidogo. Nekesa alikuwa akiongea na Nasimiyu, simu ikiwa kwenye spika, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu watue.

“Mama, hapa ni kama boarding, nakuambia. Saa moja kengele ya kuoga, saa tatu kengele ya kuingia. Na hiyo maji, aki, mto Nzoia ni chai.”

Nasimiyu akacheka kwenye simu. “Si mmwambie mwenyewe?”

“Zii. Atasikia vibaya. Alitafuta hii mahali mwaka mzima.”

“Mama!” Wafula akaingilia. “Jana jioni nilikula mchanga mpaka nikashiba. Chakula nikakataa.”

“Wewe? Chakula utakataa siku gani?”

“Haki tena. Muulize Nekesa.”

“Muongo. Alikula ya kwake na ya kwangu. Mama, nywele ziko vibaya, nikifika utanisuka zote upya, na usilete mambo ya mkono kuuma.”

“Mkono unauma kweli, mtoto wewe. Kwa hiyo mko sawa?”

“Tuko sawa,” Nekesa akasema. “Zimebaki siku tano tu. Tutavumilia.”

Nililala pale nikitazama dari. Neno hilo, tutavumilia, nimelisikia likisemwa kazini na vijana wanaotokwa na jasho chini ya kreni, wanaohesabu miezi iliyobaki kwenye mikataba yao, na kila mara nimeliandika kama dalili ya hatari. Sikuhuzunishwa na malalamiko yao. Kilichonivunja ni jinsi walivyokuwa wepesi wakilalamika, jinsi maneno yalivyowatoka bila kuchaguliwa. Mtoto humlalamikia mtu wa kwao. Mimi siku tano nzima nilikuwa nimepewa shukrani.

Jioni ile sikuwapeleka ufuoni. Nilisema kichwa kinaniuma. Nilimkuta Bwana Anselmo nyuma ya nyumba akichambua maharage, nikakaa karibu naye kwenye kreti iliyopinduliwa.

“Bibi, niruhusu nikuulize,” alisema. “Watoto ni wagonjwa?”

“Hapana. Kwa nini?”

“Huwaficha wakati mzuri, huwatoa wakati mbaya. Hapa asubuhi ni ukungu, jioni ni upepo. Bahari yetu hufunguliwa kuanzia saa sita hadi saa kumi. Hata paka anajua.”

Nilimweleza kuhusu Doha, kuhusu jua linaloua, kuhusu kazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, hakucheka.

“Mimi nilijenga nyumba za watu Luksemburg miaka thelathini na moja,” akasema. “Kila Agosti nilirudi hapa wiki tatu, na kila Agosti niliongeza chumba. Hiki cha binti, hiki cha kijana mkubwa, hiki cha wajukuu. Mke wangu alinilaumu. Aliniambia, Anselmo, watoto wanataka kwenda ufuoni na wewe, nawe unachanganya saruji. Nikamwambia, nikimaliza.”

“Sasa wako wapi?”

“Luksemburg.” Alivunja ganda la haragwe. “Walikulia kule, wameoa na kuolewa kule. Kwa hiyo vyumba nakodisha. Ninyi ni wageni wazuri. Mnakunja mashuka.”

Siku ya sita, saa sita na nusu mchana, niliwaambia watoto wavae twende. Walitazamana.

“Saa hii?” Wafula akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu lisilo na asante.

“Saa hii. Nilikosea ratiba. Mngeniambia.”

Nekesa akainamisha macho. Tulishuka bondeni, na kwa mara ya kwanza niliuona ufuo niliokuwa nimeuchagua. Maji yalikuwa ya kijani karibu, ya buluu mbali, na mwanga ulikuwa mpole, usioweza kuunguza hata mgongo wa kichanga. Hapakuwa na upepo. Wafula alikimbia bila kuvua viatu. Katika muda usiozidi nusu saa alikuwa ameungana na watoto wa Kireno waliokuwa wakichimba handaki, akiwaamrisha kwa Kiswahili, nao wakimtii. Nilimtazama, nikajua kwamba jedwali langu halikudanganya. Ufuo ulikuwa kamili. Siku tano zilikuwa zimekwenda.

Saa tisa hivi Nekesa alikuja kuketi kando yangu, maji yakimdondoka. Niliona kwamba ndio wakati wenyewe. Nikasema, “Kuna jambo nilitaka kuwaambia, wewe na ndugu yako.”

“Ni ile ya kuhamia Doha?”

Sikuweza kumficha uso wangu.

“Mama alituambia Aprili,” akasema upesi, kana kwamba anamtetea. “Barua ya shule ya Doha ilikuja kwa simu yake, wakiomba ripoti zetu. Usimkasirikie, Mama Doha. Alituambia tusikukatalie, kwa sababu umehangaika sana. Sisi tuko tayari. Wafula alishagawa sungura zake. Mimi nilitoka kwaya ya shule, ili wapate muda wa kufundisha mwingine sauti yangu.”

“Ulitoka lini?”

“Mei.”

Miezi mitatu walikuwa wakiaga, kila mmoja kwa upande wake, na mimi kwenye meza yangu nikilinganisha picha za mchanga.

“Nekesa, wewe mwenyewe unataka nini?”

Alikamua maji kwenye nywele. Nadhani alikuwa akitafuta jibu la kweli ambalo halingeniumiza, na halikuwapo. “Mimi nataka usihuzunike,” alisema mwishowe.

Wafula alifika akihema, mchanga hadi kwenye nyusi, akachukua chupa ya maji. Aliisoma hali yetu haraka. “Mmeongea ya Doha?” akauliza. “Kule pia tutakuwa tunakaa ndani mchana?”

Ningeweza kumwambia kuhusu maduka makubwa yenye ubaridi, kuhusu bustani za majira ya baridi, kuhusu Ijumaa za Al Wakrah. Nilifikiri kuhusu mimi nikiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni, na wao wawili katika nyumba ile ya Abu Hamour, madirisha yamefungwa, wakikunja mashuka.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Miezi mingi, ndiyo.”

“Sawa,” akasema, akarudi kwenye handaki.

Siku nne zilizobaki tulikwenda ufuoni mchana. Zilikuwa siku nzuri, na nitakuwa mwongo nikisema kwamba hatukucheka. Nekesa alinifundisha kulala chali juu ya maji, mkono wake chini ya mgongo wangu. Lakini kila jioni walirudi kwenye asante zao, na mimi sikujua tena namna ya kuwatoa humo. Miaka tisa haiondolewi kwa michana minne. Bwana Anselmo alituaga kituoni. Aliwapa watoto mfuko wa tini zilizokaushwa, akanivulia kofia.

Jumamosi alasiri tulitua Doha. Kuna mahali ndani ya uwanja ambapo wanaoingia nchini hugeukia upande mmoja na wanaounganisha ndege upande mwingine, na hapo mhudumu aliwachukua. Wafula alininyooshea mkono, kisha akajisahihisha akanikumbatia. “Asante kwa likizo, Mama Doha,” alisema Nekesa. “Tutaonana mwezi ujao.” Niliwatazama hadi walipopita kwenye mashine za ukaguzi. Hawakugeuka, walikuwa wakisukumana kuhusu nani atakaa dirishani.

Musa alikuja kunichukua. Alitazama uso wangu kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakunitania. Alisema tu, “Pole na safari, dada,” akawasha kiyoyozi.

Jioni, kabla ndege yao haijatua, nilimpigia Nasimiyu, ambaye alikuwa ameshafika Nairobi kuwapokea.

“Ulijua tangu Aprili,” nikamwambia.

“Nilijua.”

“Ungeniambia kwamba hawataki.”

“Wewe, dada, nani hukuambia kitu? Ukija umeshapanga. Umepanga na tarehe. Mimi nilifanya nini, nikawafundisha kukubali. Ningewafundisha kukukataa, ungesema nimekuibia watoto.”

“Na wewe ungebaki na nani?”

Nilimsikia akipumua katika kelele za watu wanaosubiri wageni. “Hilo hukuwahi kuniuliza,” akasema, bila ukali, kama mtu anayetaja jambo la zamani. “Nimelala chumba cha Wafula tangu waondoke ili nikizoee kikiwa kitupu.”

Msomaji atauliza kwa nini basi sikurudi nyumbani mimi. Nimelifikiria hilo hadi limepoteza makali. Karo ya watoto wote wawili hutoka hapa, na Kitale hakuna mnara wa kukaguliwa. Lakini hiyo si sababu yote. Ukweli ni kwamba ningerudi, wangesimama kunipokea, na wangenivumilia pia. Nilichojifunza safarini ni kidogo na hakinifariji: kwamba mtu anaweza kuwalinda wanawe dhidi ya kila kitu isipokuwa kutokuwapo kwake, na kwamba nafasi ya mama ikikaa wazi kwa muda, mtu mwema huingia akaijaza, na mtu mwema haondolewi kwa karatasi.

Jumapili, saa moja asubuhi, nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya ukaazi. Karani, msichana mwenye sauti ya upole, alilifungua jalada langu, akaniambia kwamba kila kitu kiko tayari, ilibaki sahihi tu. Nikamwambia nimekuja kuyafuta maombi. Alinitazama, akarudia polepole kwamba nikifuta leo nitaanza upya kabisa, na kwamba wengine hawapati mara ya pili. Nilimwambia ninaelewa. Alinipa fomu mbili, moja kwa kila mtoto. Nilizitia sahihi nikiwa nimesimama. Alizipiga muhuri.

Nje, jua lilikuwa tayari kali. Niliketi ndani ya gari la Musa nikapiga simu Nairobi, walikokuwa wakijiandaa kupanda basi la Kitale. Nekesa ndiye aliyepokea, akanisalimu vizuri, akaniuliza nimelalaje. Nikamwambia kwamba hawahami, kwamba wanabaki na mama yao, na kwamba nimeshatia sahihi. Akaanza kulia, kwa sauti kubwa, ovyo, kama mtoto mdogo, bila kunishukuru.